Gari Lililoombewa Likiwa na Bolti Mbili

Emanueli na wewe Zaituni, wanafunzi wangu wa spana, mmenisumbua tangu Pasaka niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Nilichoacha ni kuingia chini ya gari, kwa sababu ya goti. Kuingia bado linaingia, kutoka ndiyo linataka watu wawili na kamba. Basi nimechukua daftari la mjukuu wangu na kalamu yake. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo msihangaike na koma zangu. Mkichoka, pumzikeni.

Mishahara sitaiandika, maana haikuwa na cha kuandikwa. Vyeo pia. Hapa gereji Dongobesh cheo changu kilikuwa "Mama Bura", na baadaye "Bibi Martha", na kazi ilikuwa ile ile.

Nilizaliwa Gitting, na kazi niliianzia Mogitu, kwenye karakana moja ya mashamba ya ngano. Siku ya kwanza sikuwa nimekwenda kutafuta kazi. Nilimfuata kaka yangu Bayo, dereva wa trekta, kumwambia ng'ombe wake amezaa. Nilipoingia uwanjani nikaona miguu miwili imetokeza chini ya lori, na sauti inatukana.

"Nani huyo?" sauti ikauliza.

"Ni Martha, dada yake Bayo. Shikamoo."

"Marahaba. Una mguu?"

"Ninayo miwili."

"Mmoja unatosha. Panda kwenye kabini, ile pedeli ya katikati, nikisema kanyaga unakanyaga, nikisema achia unaachia. Usiguse kingine chochote. Lori likinipita juu utazaa watoto wenye laana."

Huyo alikuwa Fundi Sulle. Mkanyagaji wake alikuwa amekwenda msibani kwa mjomba, na nilikuja kujua kwamba mjomba huyo alikuwa anafariki kila msimu wa mavuno. Nilikanyaga na kuachia mpaka saa nane mchana. Ng'ombe wa Bayo nikamsahau kabisa. Kesho yake Fundi Sulle akaniita tena, akasema mguu wangu hauna haraka. Katika maisha yangu hakuna mwanamume mwingine aliyenisifu kwa jambo la kweli namna hiyo.

Mguu ndio ulionifundisha. Breki za mafuta ukikanyaga zinakurudishia, kama kukanyaga unga uliokandwa. Za upepo zinaitikia kwa sauti. Unakanyaga, inasema tss. Unaachia, inasema pshaa. Ukiendelea kusikia tss wakati mguu umetulia, kuna mahali upepo unatoroka. Fundi Sulle alinifundisha mpangilio ambao nanyi nimewapigia kelele mpaka mmenichukia. Kwanza weka kabari kwenye tairi. Jaza upepo mpaka mshale wa geji usimame wenyewe. Zima injini, utazame mshale ukiwa hujagusa kitu. Kisha kanyaga, shikilia, utazame tena. Mshale ukishuka kabla hujakanyaga, upepo unavujia kwenye mitungi au mipira yake. Ukishuka baada ya kukanyaga tu, tafuta kwenye tairi. Ndipo unachukua povu la sabuni ya mche na brashi, unapaka kwenye viungo. Penye tundu povu linachemka kama uji. Watu wamenunua mashine za kusikiliza mvujo. Sabuni haijawahi kuishiwa betri.

Jambo la pili ni maji. Kila asubuhi fungua kibomba chini ya mtungi. Yakitoka maji meupe, kawaida. Ikitoka kitu kama chai ya maziwa, kompresa inakunywa oili, na dereva atakwambia siyo kweli. Dereva akisema siyo kweli, andika kwamba ni kweli. Nimewajua Petro, Hhawu, Saidi wa Singida, Ginamara na Fidelisi mwenye meno ya mbele, na wote walifunga kengele ya upepo mdogo kwa kitambaa kwa sababu ilikuwa inawakatiza kusikiliza mpira redioni.

La tatu ndilo lenye kesi yetu, kwa hiyo someni taratibu. Watu wengi wanadhani upepo ukiisha gari halina breki. Ni kinyume. Nyuma ya tairi za nyuma kuna lile kopo la chuma, kama sufuria mbili zimefunikana, tunaloliita busta. Ndani yake kuna springi. Kazi ya upepo ni kuizuia springi hiyo isikamate tairi. Upepo ukiisha, springi inajiachia na gari linakwama hapo lilipo, hata likiwa katikati ya barabara na askofu anataka kupita. Hendibreki ni springi hiyo hiyo. Kopo hilo msilifungue kamwe. Springi ile haina dini. Ikiruka haiulizi wewe ni mtoto wa nani.

Sasa gari likikwama mahali pabaya, kuna bolti moja ndefu unaiingiza nyuma ya busta, unakaza nati, springi inarudishwa nyuma kwa nguvu na tairi linakuwa huru. Gari linavutika. Lakini kuanzia hapo halina hendibreki. Dereva akivuta kitufe cha hendibreki, litasema pshaa vizuri kabisa, na halitashikwa na kitu. Kwa hiyo ukishatengeneza na upepo ukajaa, unatoa bolti kabla gari halijatoka uwanjani. Hata mbuzi akielezwa mara mbili ataelewa. Mimi nilijua jambo hilo miaka mingi kabla ya siku ninayotaka kuwaambia.

Fundi Sulle alipohamia Dongobesh kufungua gereji yake, nilimfuata, wakati huo nikiwa mjane na fundi kamili. Hapo ndipo tulipoanza kuletewa yale malori ya wageni yenye nyumba juu. Mtu anatoka Ulaya na kitanda chake, jiko lake, choo chake, na mke wake. Gari lile lina tabia zake. Linakaa miezi sita bila kutembea, raba za valvu zinakauka. Manyigu wanajenga kwenye tundu la kutolea upepo. Panya wa Mbulu hawajali mpira umetengenezwa Ujerumani. Na kubwa kuliko yote, upepo wa breki unagawanywa na anasa. Honi inaudai, ngazi ya kupandia inaudai, kiti cha dereva kinaudai. Kunatakiwa kuwe na valvu inayosema, anasa zikivuja, breki zibaki na upepo wake. Valvu hiyo ikikwama wazi, kiti kinaweza kuondoka na upepo wa breki zote.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa Babu Wim na Mama Hanneke. Babu Wim alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kofia ya majani. Mama Hanneke alikuwa mwembamba, hacheki, na kila saa anazunguka gari lake akilitazama chini kama mtu aliyepoteza kuku. Walikuwa wameajiri kijana wa Kondoa anaitwa Rama awaongoze mpaka Yaeda Chini na kuwatafsiria. Wakipanda mlima kutoka Dareda wakasimama kupisha ng'ombe, upepo ukaisha, springi zikakamata. Malori ya vitunguu saumu yakapanga foleni juu na chini. Tukaenda. Nikaweka kabari, nikaingia chini, nikakaza bolti mbili, kushoto na kulia, na trekta la jirani likalivuta gari mpaka gereji. Mkono uliokaza ulikuwa huu.

Tulitafuta mvujo siku nzima na robo. Povu lilipakwa mpaka gari likawa safi kuliko lilivyotoka kiwandani. Hakuna kitu. Wakati wote huo Babu Wim alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake cha kukunja, anakula ndizi. Siku ya pili Fundi Sulle akasema, "Mama Bura, hebu panda ukanyage kama zamani." Nikapanda. Nikakaa vizuri, kiti kikapanda kidogo, nikakanyaga. Nikasikia upepo unatoka chini yangu.

 Mtu mzima hatangazi jambo kama hilo upesi. Nikajiinua, sauti ikakoma. Nikakaa, ikaanza. Nikaita.

"Fundi, nimeupata mvujo."

"Uko wapi?"

"Nimeukalia."

Mpira wa kiti ulikuwa umepasuka, unavuja mtu akikaa tu. Tulikuwa tumepima gari siku nzima kiti kikiwa kitupu, maana Fundi alikanyaga akiwa amesimama ngazini, mguu ndani. Kumbuka hilo, Zaituni. Ukipima gari, lipime jinsi mwenyewe anavyolitumia, pamoja na makalio yake. Tukabadilisha mpira, tukasafisha ile valvu iliyokwama, tukawasha. Mshale ukapanda, ukasimama, ukakaa. Nikachukua spana ili niingie chini kutoa bolti.

Hapo akaja Mzee Gwandu.

Emanueli hukumkuta vizuri, basi nikueleze. Uwanja wa gereji ulikuwa wake. Alikuwa mzee kuliko lami ya wilaya nzima, na kila gari lililotaka kuondoka kwa safari ndefu aliliombea. Anakuja na kibuyu cha maziwa, tunasimama, tunaitikia, anarusha maziwa mbele ya gari. Na alikuwa na sheria yake mwenyewe, sijui aliitoa wapi, kwamba kilichokwisha kuombewa hakiguswi na chuma mpaka kifike kiendako.

Tukamsalimu, shikamoo mmoja mmoja, kwa umri. Yeye hakuuliza kazi imeisha au haijaisha. Aliona injini inaunguruma, mizigo imefungwa, mgeni amevaa kofia. Akainua kibuyu. Nilikuwa na spana mkononi. Nikamtazama Fundi Sulle. Fundi Sulle akamtazama Yakobo wa kuchomelea. Yakobo akatazama viatu vyake. Mzee akaomba njia iwe laini, mlima uwe mpole, chuma kitii. Tukaitikia. Maziwa yakaruka kwenye boneti na kwenye kofia ya Babu Wim, naye akafurahi sana.

Nani angemkatiza? Mimi nilijiambia Fundi ndiye mkubwa, atasema. Fundi, alivyoniambia baadaye, alijiambia mimi ndiye niliyekaza, nitasema. Babu Wim akapanda, akapiga honi. Tukapunga mikono. Mkono wangu niliopunga ulikuwa na spana.

Nilikaa juu ya tairi bovu kama saa nzima nikijidanganya. Nikasema breki ya mguu iko sawa, wanakanyaga tu. Ni kweli, na ndiyo maana hawangejua. Lakini wageni wale hawawezi kupita juu ya bonde la Yaeda bila kusimama kupiga picha. Watasimama pua ikielekea mteremko. Babu atavuta kitufe, atasikia pshaa, atatoa mguu, atashuka. Na gari litashuka nalo, kwa upande wake.

Nikampigia Rama. Simu haipatikani. Nikasimama.

"Unakwenda wapi?" Fundi Sulle akauliza.

"Kutoa bolti zangu."

"Mzee atasikia kwamba umelifuata gari lililoombewa, na spana."

"Asikie. Wageni wakifa, hilo nalo atalisikia."

"Martha, punguza mdomo."

"Ningekuwa nao asubuhi, Fundi, sasa hivi ningekuwa nakula."

Daudi wa pikipiki akanipeleka. Kuhusu safari hiyo nitasema tu kwamba Daudi alikata kona akiimba mapambio, na mimi nilisali sala zote ninazozijua, nikarudia za watoto. Kila kundi la watu tulilolikuta barabarani nilidhani wamekusanyika kutazama ajali.

Tuliwakuta pale njia inapoanza kuteremkia bondeni. Gari limesimama, pua chini, kama nilivyoliona kichwani. Mbele ya tairi ya mbele, hatua tatu hivi, wameweka meza ndogo, kitambaa, viti vitatu na birika. Babu Wim amekaa hapo anatazama bonde. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Akanipungia kofia.

Nikakimbilia tairi za nyuma. Kulikuwa na kabari nne kubwa za mbao, zimebanwa sawasawa. Nikainama kuingia chini nikakuta mtu anatoka. Mama Hanneke. Mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, spana mdomoni kama mbwa aliyebeba mfupa. Kwenye kitambaa cha chai, karibu na sukari, bolti zangu mbili zimelala.

Rama akatafsiri, akihangaika. Huyu mama alikuwa fundi wa mabasi kwao mpaka alipostaafu. Kila wanaposimama mume wake haruhusiwi kutoa mguu kwenye pedeli mpaka yeye ashuke aweke kabari. Leo Babu alipotoa mguu, gari likaegemea kabari. Mama akaingia chini kuuliza kwa nini.

"Anauliza nani alikaza hizi," Rama akasema.

"Mimi."

"Anauliza nani alisahau kuzitoa."

Ningeweza kusema mimi, na mambo yangeisha hapo. Kusahau ni kosa la heshima, kila fundi analo. Lakini mama yule alikuwa ananitazama kama anavyotazama chini ya gari.

"Mwambie hakuna aliyesahau."

Rama akanikodolea macho. "Bibi, hiyo siwezi kuitafsiri."

"Tafsiri. Mwambie tulijua watu watatu. Mwambie mzee alikuwa anaomba na tuliona aibu kumkatiza."

Akatafsiri. Babu Wim akaacha kutabasamu, akageuka, akatazama tairi, kisha akatazama kiti alichokalia, kisha akahama. Mama Hanneke hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifuta mikono, akamimina chai, akanionyesha nikae kwenye kile kiti kilichoachwa wazi, mbele ya tairi. Nikakaa. Nikanywa kikombe kizima nikiwa nimelipa gari mgongo, na yeye amesimama pembeni, mpaka nilipomaliza. Ndipo akanirudishia bolti zangu, akaondoa kabari moja moja mbele yangu ili nione gari limeshika. Lilishika. Tukaagana kwa mikono miwili.

Niliporudi sikupitia gereji. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Gwandu. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wageni wamefika?"

"Watafika. Lakini gari lile uliliombea likiwa bado." Nikamweleza lote, na bolti nikazitoa nikaziweka juu ya mahindi.

Alizigeuza muda mrefu. "Na Sulle alijua?"

"Alijua."

"Na yule wa kuchomelea?"

"Naye."

"Kwa hiyo uwanja mzima mlijua, ila mimi na Mungu hatukuambiwa."

"Mungu anajua yote, Mzee."

"Basi nilikuwa mimi peke yangu." Akatupa gunzi kwa nguvu. "Mmenisimamisha pale nahutubia kama mlevi mnadani. Halafu mnasema mnaniheshimu! Mtu unayemheshimu, Martha, zipu yake ikiwa wazi unamwambia!"

 Nilisema samahani, akasema samahani nikampe yule mzungu.

"Siku nyingine sema, 'Mzee, bado.' Maneno mawili tu. Yana uzito gani, hata yawashinde watu wazima watatu?"

Mwezi haukupita, tulikuwa na lori la vitunguu saumu la Hhawu, springi zimefungwa na bolti, kazi katikati. Mzee Gwandu akaingia na kibuyu. Nikamwona Fundi Sulle anavua kofia ili asimame kuombewa. 

"Mzee," nikasema, "bado."

 Hata jenereta ya Yakobo nadhani ilipunguza sauti. Mzee akanitazama, akatazama lori, akavuta tairi bovu, akakaa, kibuyu magotini. Kila baada ya muda anauliza, "Bado?" Mwanzo nilijibu mimi peke yangu. Mara ya nne Yakobo akajibu, "Bado, Mzee." Mara ya sita Fundi Sulle naye akajibu, kutoka chini ya lori, kwa sauti ya mtoto wa shule.

Tulimaliza saa tisa. Nikampelekea bolti mbili mkononi, akazihesabu mwenyewe, moja, mbili, akazitia kwenye mfuko wa koti. Ndipo akasimama na kufungua kibuyu. Jua lote lile lilikuwa limefanya kazi yake, maziwa yalikuwa yameshaganda. Aliomba vile vile, tukaitikia vile vile, na Hhawu akaondoka kuelekea Dareda na mabonge ya mtindi kwenye kioo, akilalamika haoni njia.